Katiba na uwajibikaji wa serikali: maswali tunayoulizwa Mombasa

Maswali haya nimeyaokota kwenye baraza za kahawa, kwenye vikao vya vijana, na zaidi kwenye foleni ya feri ya Likoni. Pale mtu akishajua kuwa wewe ni wa mambo ya katiba, hakuachi mpaka watu waanze kushuka kuelekea chomboni. Nimeyaacha yalivyoulizwa. Mengine majibu yake ni marefu kwa sababu ndiko kwenye mambo, mengine hayahitaji maneno mengi.

Kwani hii katiba ya 2010 ina kasoro gani? Si twaambiwa ni katika zilizo bora Afrika?

Maandishi yake ni mazuri, na sitaki nionekane naidharau. Tuliipigia kura tarehe 4 Agosti 2010, takriban asilimia 67 wakasema ndiyo, na tarehe 27 mwezi uo huo Rais Mwai Kibaki akaizindua Uhuru Park. Kifungu cha 1 kinasema mamlaka yote ni ya wananchi. Kifungu cha 73 kinasema madaraka ya afisa wa serikali ni amana aliyopewa na umma. Mswahili hahitaji kufasiriwa neno amana. Ni kitu cha wenyewe, umewekewa ukitunze, na mwenyewe akija kukiulizia humwambii "njoo kesho".

Kasoro yangu na katiba hii ni moja, nayo itajirudia katika majibu mengi hapa chini. Mahali pengi imesema nani awajibike, lakini haikusema awajibike kwa siku ngapi, asipofanya atapatwa na nini, wala ni mkono wa nani utakaomfanya hivyo. Mambo hayo matatu yakikosekana, kifungu hubaki wasia.

Wazee husema hata katiba ya uhuru ilikuwa nzuri. Ni kweli?

Kwa upande wetu wa Pwani, kwenye karatasi, ilikuwa na mengi. Katiba ya 1963 ilikuwa ya majimbo. Pwani ilikuwa na bunge lake la jimbo, na Ronald Ngala ndiye aliyekuwa rais wa jimbo. Disemba 1964, Kenya ilipokuwa jamhuri, majimbo yale yalikuwa yameshavunjwa nguvu. Wazee wa hapa hawalisahau hilo, na ndiyo sababu mtu akiwajia na habari ya "marekebisho", jambo la kwanza wanalouliza ni tutanyang'anywa nini.

Baadaye yakaja marekebisho ya kukaza kamba. Mwaka 1982 Kenya ikafanywa nchi ya chama kimoja kisheria. Mwaka 1986 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu akaondolewa ulinzi wa kazi yake, na mwaka 1988 majaji nao wakafanyiwa vivyo hivyo, hata yule wa kuhesabu pesa na yule wa kuamua kesi wote wawe wanamtazama mtu mmoja usoni kabla ya kusema neno. Ulinzi wa majaji ulirudishwa 1990, na vyama vingi vikaruhusiwa tena Disemba 1991. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema katiba ibadilishwe, usifurahi wala usikasirike kwanza. Uliza inabadilishwa kumfunga nani.

Katiba hubadilishwa vipi hasa?

Kuna milango miwili. Mlango wa kwanza ni wa Bunge, Kifungu cha 256. Mswada husomwa mara ya kwanza, zinapita angalau siku 90 kabla ya kusomwa mara ya pili, na lazima uungwe mkono na theluthi mbili ya wanachama wote wa kila bunge, yaani Bunge la Taifa na Seneti. Mlango wa pili ni wa wananchi, Kifungu cha 257.

Juu ya hayo, kuna mambo ambayo hayaguswi bila kura ya maamuzi: haki za kimsingi, muhula wa rais, uhuru wa mahakama na wa tume huru, malengo na muundo wa ugatuzi, na mengine yaliyotajwa katika Kifungu cha 255. Na kura hiyo haihesabiki mpaka angalau asilimia 20 ya waliosajiliwa wajitokeze katika nusu ya kaunti au zaidi, na walio wengi waunge mkono.

Mimi nauza mahamri Kongowea. Naweza kuanzisha mabadiliko ya katiba?

Kisheria, waweza, mama. Hata mswada huhitaji kuwa nao siku ya kwanza. Kifungu cha 257 kinakubali uanze na pendekezo tu, kisha liandikwe kama mswada. Unahitaji saini za wapiga kura waliosajiliwa milioni 1. IEBC, yaani tume ya uchaguzi, ikizihakiki, mswada unapelekwa kwa mabunge ya kaunti zote 47, nayo yana miezi 3. Kaunti 24 zikikubali, unakwenda Bungeni. Bunge likikataa, au kama jambo ni katika yale mazito niliyoyataja, wananchi ndio wa mwisho, kwa kura ya maamuzi.

Hiyo ni sheria. Sasa tazama yaliyotokea. Okoa Kenya, ya upande wa upinzani, iliangukia kwa IEBC mwaka 2016 kwa kuambiwa saini halali hazikufika milioni. Punguza Mizigo ya 2019 ilivuka saini, halafu ikafia mikononi mwa wawakilishi wa wadi, ndio wanaokaa katika mabunge ya kaunti. Ilitaka kupunguza idadi ya wabunge na gharama za uongozi, na ikapelekwa kwa wanasiasa waiamue. Kesi ya nyani, hakimu ngedere. Na BBI, ule mpango wa maridhiano wa Rais Uhuru Kenyatta na Raila Odinga, uliopita mabunge ya kaunti kwa kishindo, ndiyo iliyosimamishwa kortini.

Hebu tuelewane: saini milioni si kitu cha kukusanya na daftari na kalamu ya kuazima. Panahitajika pesa, watu na magari. Ndiyo maana mlango ulioitwa wa wananchi mpaka leo umebishwa zaidi na wenye vyama. Kama nina pendekezo moja kuhusu Kifungu cha 257, ni kwamba mabunge ya kaunti yasiwe na uwezo wa kuua mpango wa wananchi unaogusa mishahara, idadi au marupurupu ya wanasiasa wenyewe. Jambo kama hilo lingetoka IEBC likaenda moja kwa moja kwa mpiga kura.

BBI ilikwama kwa kosa gani?

Mahakama Kuu iliisimamisha Mei 2021, Mahakama ya Rufaa ikaunga mkono kwa sehemu kubwa Agosti mwaka huo, na Mahakama ya Juu ikatoa neno la mwisho tarehe 31 Machi 2022. Watu wengi hapa hudhani mahakama tatu zilisema kitu kimoja. Sivyo. Mahakama ya Juu ilikataa ile hoja kwamba kuna muundo wa msingi wa katiba usioweza kuguswa kabisa kwa njia za kawaida za marekebisho. Ilichokisema, na ambacho kwangu ndicho cha maana, ni kwamba rais hawezi kuutumia mlango wa wananchi. Ana mlango wake, apitie Bungeni. Na yale maeneobunge mapya 70 yaliyoongezwa mwishoni, yakiwa yameshagawanywa kaunti hii ngapi na ile ngapi, yaliangushwa kwa sababu wananchi hawakushirikishwa juu yake.

Mimi nilikuwa na jamaa aliyekuwa akiisubiri BBI kwa hamu kwa ajili ya hayo maeneobunge. Nikamwuliza, ukiongezewa mbunge mmoja zaidi, yule uliye naye sasa utamdai nini? Akaagiza kahawa nyingine, tukahamia habari za mpira.

Mbunge wangu hajaonekana tangu uchaguzi. Twaweza kumrudisha nyumbani kabla ya muda?

Kifungu cha 104 kinasema ndiyo: wapiga kura wana haki hiyo. Lakini kikaliachia Bunge litunge sheria ya namna ya kufanya. Wabunge wakakaa wakaandika masharti ya kujifukuza wenyewe, na unaweza kukisia yalivyokuwa. Sheria ya Uchaguzi ya 2011 ilitaka kwanza Mahakama Kuu ithibitishe makosa ya mbunge. Ombi lisiletwe kabla ya miaka 2 kupita, wala ndani ya mwaka wa mwisho. Zikusanywe saini za asilimia 30 ya waliosajiliwa. Na yule aliyeshindwa katika uchaguzi huo asianzishe. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ikasema masharti ya msingi katika hayo yanakiuka katiba, ikayafuta. Basi haki ikabaki bila njia. Hakuna mbunge hata mmoja aliyewahi kurudishwa nyumbani na wapiga kura kwa kifungu hiki.

Hapa ndipo mabadiliko ya katiba yangefaa kweli. Namna ya kumwondoa mbunge iandikwe ndani ya katiba yenyewe, na idadi ya saini na siku zake, isiachiwe anayeondolewa.

Na gavana?

Gavana njia yake inafanya kazi, tena mara nyingine kwa kasi kuliko haki. Theluthi mbili ya wawakilishi wa wadi wakikubali, kesi inakwenda Seneti. Watu wa Mombasa tulipata somo la karibu mwaka 2022. Mike Sonko, aliyeondolewa ugavana wa Nairobi Disemba 2020, alikuja kutafuta kiti hapa kwetu, mpaka Mahakama ya Juu ilipothibitisha Julai 2022 kuwa kuondolewa kwake kulikuwa halali, naye akazuiwa kugombea. Hata hivyo, gavana anayeondolewa husomewa mashtaka, ana siku za kujitetea, ana rufaa. Tofauti na mbunge ni kuwa hapa kuna tarehe kila hatua, na anayekata si yule anayekatwa. Kasoro yake ni kwamba mwananchi hana kiti katika mambo hayo. Huamka tu akasikia kwenye redio.

(Wale wanaouliza kwa nini kura ya gavana wa Mombasa haikupigwa tarehe 9 Agosti 2022 na nchi nzima: karatasi za kura zilikuwa na makosa, ikasogezwa hadi tarehe 29. Haikuhusiana na kesi hiyo.)

Twaitwa kwenye "ushiriki wa umma", twanywa soda, twarudi nyumbani. Ushiriki huo una maana gani?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na wanaoliuliza wana haki ya kukasirika.

Nikusimulie kikao kimoja nilichohudhuria mwenyewe katika ukumbi fulani hapa mjini. Tangazo lilibandikwa siku mbili kabla. Tulipofika, mlangoni pana meza, na juu ya meza vitabu vya makadirio, vinene kama Kamusi, vyote kwa Kiingereza. Vilikuwa vitano. Watu tulikuwa zaidi ya mia. Saa tatu na nusu tukafunguliwa kwa dua, saa nne akazungumza mheshimiwa, akamfuata mheshimiwa mwingine. Zilipobaki dakika arubaini wakasema sasa ni zamu ya wananchi, kila mtu dakika mbili. Bibi mmoja aliyevaa buibui, amekaa safu ya nyuma, akasimama. Akasema mtaro wa mtaani kwao umeziba tangu mvua za mwaka juzi, na yeye ameambiwa pesa zake zilishatengwa. Hataki soda, anataka aonyeshwe ukurasa. Yule wa mezani akafungua kitabu, akapekua, akapekua tena, akamwambia, "Mama, hilo tumelipokea." Karatasi ya mahudhurio, ambayo bibi yule aliitia saini mlangoni, ndiyo iliyokwenda kuwa ushahidi kuwa umma umeshirikishwa.

Sheria haikukusudia hivyo. Kifungu cha 10 kinataja ushiriki wa wananchi kama thamani ya kitaifa, cha 118 kinalifunga Bunge na cha 196 kinalifunga bunge la kaunti. Na Kifungu cha 7 kimekifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi, kwa hiyo kitabu cha Kiingereza kitupu mbele ya watu wa Mombasa ni dharau yenye mhuri. Mwaka 2019, katika kesi ya kampuni ya sigara dhidi ya Wizara ya Afya, Mahakama ya Juu ilisema ushiriki lazima uwe wa kweli, si wa kutimiza desturi. Lakini sheria moja ya kitaifa ya kueleza tangazo litoke siku ngapi kabla, kwa lugha gani, na maoni yaliyokataliwa yajibiwe vipi, miswada yake imekuwa ikiletwa Bungeni mwaka baada ya mwaka na kufifia.

Mpaka hapo, silaha yako ni kalenda. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imefunga tarehe. Mpango wa maendeleo wa kaunti unapelekwa kabla ya tarehe 1 Septemba. Taarifa ya mkakati wa fedha, tarehe 28 Februari. Makadirio ya bajeti, tarehe 30 Aprili. Bajeti ipitishwe tarehe 30 Juni. Ukija na mtaro wako mwezi wa Mei, umechelewa. Mambo makubwa yalishakatwa Februari. Njoo Septemba.

Mkaguzi Mkuu hutoa ripoti kila mwaka. Mbona hakuna anayefungwa?

Kifungu cha 229 kimempa miezi 6 baada ya mwaka wa fedha kukagua na kuripoti, na kimelipa Bunge au bunge la kaunti miezi 3 kuijadili ripoti na kuchukua hatua. Siku zipo. Adhabu ya kutochukua hatua haipo. Mkaguzi haendi kushtaki mtu. Kazi hiyo ni ya Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC, na Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Ripoti hubaki ikizunguka kati ya ofisi kama mzigo usio na mwenyewe bandarini. Ningeongeza sentensi moja tu kwenye kifungu hicho: miezi 3 ikipita bila mjadala, ripoti iende yenyewe kwa wachunguzi.

Hazina ya maeneobunge, NG-CDF, ikiondolewa, basari ya mwanangu itatoka wapi?

Mzazi wa Jomvu aliyeniuliza hivi alikuwa na barua ya shule mkononi, kwa hiyo sikumjibu kwa vifungu. Swali lake ni la haki.

Mahakama ya Juu iliiangusha sheria ya 2013 ya hazina hii mwezi Agosti 2022. Septemba 2024 Mahakama Kuu ikaiangusha na ile ya 2015, ikaipa muda hadi tarehe 30 Juni 2026. Wabunge nao Julai 2025 wakapitisha katika Bunge la Taifa mswada wa kuiingiza ndani ya katiba. Mimi naona mahakama zina hoja. Mbunge kazi yake ni kutunga sheria na kuwakagua wanaotumia pesa. Akiwa naye ana mfuko wa kutumia, nani atamkagua? Lakini basari ni lazima ibaki, na inaweza kutolewa kwa utaratibu ambao mtoto hapati kwa sababu babake alivaa fulana ya rangi fulani. Wanaopinga hazina hii bila kumwambia mzazi pesa zitapitia wapi, wanawapa wabunge ushindi wa bure.

Mahakama za Kadhi zitaguswa?

Zimo katika Kifungu cha 170, na chanzo chake ni makubaliano ya 1963 ya kuuingiza Mwambao wa Sultani wa Zanzibar ndani ya Kenya. Zilizua mjadala mkali kabla ya kura ya 2010 na zikabaki. Ukiona mswada wowote, soma kama kifungu hicho kimetajwa. Kama hakikutajwa, anayekutisha nacho anatafuta kura yako.

Serikali ikikataa kutuonyesha mkataba wake, tufanye nini?

Fanyeni walivyofanya wenzenu wa hapa hapa. SGR, ile reli mpya ya kisasa ya kwenda Nairobi, ilizinduliwa hapa Mombasa Mei 2017, na mizigo ikaanza kuvutwa kwenda bara huku madereva wa malori, maajenti wa forodha na wenye gereji wakibaki kutazamana. Mikataba haikuonekana. Wanaharakati wa muungano wa Okoa Mombasa waliomba nakala kwa barua, wakanyimwa, wakaenda Mahakama Kuu hapa Mombasa. Mei 2022 mahakama ikasema kuwanyima kulikiuka Kifungu cha 35, haki ya kupata habari. Novemba mwaka huo waziri wa uchukuzi akachapisha sehemu ya mikataba hiyo.

Kesi nzima iliota kwenye barua ya kawaida. Bila barua, mahakama ingewauliza: mliomba lini?

Kwa hiyo wewe ungebadilisha nini?

Nimeshasema: njia ya kumwondoa mbunge, mpango wa wananchi, ripoti ya mkaguzi. Nyadhifa mpya sizitaki. Lakini niongeze onyo dhidi ya hoja yangu mwenyewe. Kuhusu usawa wa kijinsia, yaani jinsia moja isizidi theluthi mbili ya viti, katiba ilifanya kila ninachokitaka. Iliweka tarehe ya kutunga sheria, ikaweka adhabu: Bunge livunjwe. Bunge halikutunga. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri rais alivunje. Halikuvunjwa. Siku zilikuwepo na adhabu ilikuwepo, ila kisu kiliachwa mikononi mwa mtu asiyetaka kukata. Ndiyo maana nasema mkono nao uandikwe, na ukikataa, uandikwe wa pili.

Hiyo barua ya kuomba habari inaandikwaje?

Kwa Kiswahili inakubalika; Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inasema Kiingereza au Kiswahili. Huulizwi sababu, na kuomba hakulipiwi, isipokuwa pengine gharama ya nakala. Andika hivi:

"Mimi ni raia wa Kenya, mkazi wa wadi ya (jina). Chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, naomba nakala ya mkataba na malipo yaliyofanywa kwa ujenzi wa mtaro wa mtaa wa (jina), mwaka wa fedha (mwaka). Nitazichukua mwenyewe ofisini. Simu yangu ni hii."

Wana siku 21. Wakinyamaza, unakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile ya malalamiko ya umma.

Mara ya kwanza nilipoandika barua kama hii, kijana wa mapokezi katika ofisi moja alinipokea kwa adabu zote, akaniambia, "Wacha hapo, baba, nitamfikishia." Nikaiacha. Baada ya mwezi nikarudi. Barua hakuna, aliyeipokea amehamishwa, na siku 21 zangu hazikuwahi kuanza. Kwa hiyo piga nakala mbili. Moja waachie, ya pili usiondoke mpaka igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Wakikuambia mwenye mhuri ametoka kula, kuna benchi pale nje, kaa umngoje.